Sauti Kando ya Kitambaa: Elimu ya Sinema Itazamwapo Kutoka Kitale na Bungoma

Historia ya mafunzo ya sinema katika Afrika ya Mashariki aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza na kamera. Hutajwa mitambo, hutajwa wafadhili, kisha hutajwa chuo cha Nairobi, na hapo msimulizi hutua kalamu. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kutoka Kitale na Bungoma, na kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho. Hoja yenyewe ni kwamba kazi ya kwanza ya maana aliyokabidhiwa Mwafrika katika sinema ilikuwa kazi ya lugha, na kwamba vyuo vilivyofuata viliiacha kazi hiyo nje ya mlango.

Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Wabantu. Fedha zake zilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani, na waliouongoza ni Meja L. A. Notcutt, mtu aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, pamoja na G. C. Latham. Hadi ulipokoma mwaka 1937, mradi ulikuwa umetoa picha 35 na kuzionyesha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalitiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, nayo santuri ikachezwa sambamba na picha. Yeyote aliyewahi kuweka gramafoni juu ya meza inayoyumba aweza kukisia taabu iliyopatikana.

Taabu kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa ya mitambo. Santuri ya Kiswahili ingeweza kufaa katika kambi za wafanyakazi wa mashamba ya walowezi huko Trans Nzoia, ambako Wabukusu, Wateso, Waturkana, Wasabaot na wengineo walilazimika kuelewana kwa Kiswahili, kiwe fasaha kisiwe fasaha. Ukishuka kusini-magharibi hadi Bungoma hali ilikuwa nyingine. Huko Lubukusu kilitosha nyumbani na sokoni, na Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya karani na ya safari. Santuri haijui kutazama nyuso za watu na kubadili lugha.

Mtu ndiye aliyejua. Idara ya Sinema ya Makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939 na kuongozwa na William Sellers, ilitengeneza picha nyingi zisizo na sauti kwa kusudi hilo hasa: kwamba kila ziendako asimame mfasiri kando ya kitambaa na kuzieleza kwa lugha ya mahali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kikosi cha uenezi cha jeshi la Afrika ya Mashariki, chini ya Alec Dickson, kilizunguka vijijini na askari Waafrika waliocheza, wakaonyesha na wakasema mbele ya umati. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa upesi, hivyo akaamuru tukio liende polepole, kamera itulie, na hila za upigaji picha ziepukwe. Nadharia hiyo imekwisha kukosolewa vya kutosha. Lisilotajwa mara nyingi ni kwamba upole ule wa picha ulimwachia mfasiri nafasi pana ya kusema, naye akaitumia.

Yafaa kazi yake ifikiriwe jinsi ilivyokuwa. Ana karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mbele yake wamekaa watu mamia, gizani, na picha haimngoji mtu. Picha ikionyesha vijidudu vya maradhi vilivyokuzwa, hana budi kupata neno papo hapo, na neno hilo lisiwafanye wazee wacheke. Akikosea jina la ng'ombe au la jembe, amepoteza usikivu wa umati wote. Hiyo ni kazi ya mtunzi, ya mhariri wa sauti na ya mchezaji kwa pamoja.

Wala haikuwa sanaa ngeni kabisa upande wa Bungoma. Wabukusu wana kumuse, hotuba itolewayo baada ya mazishi ya mtu mwenye heshima. Msemaji wake, oswala kumuse, hutembea katikati ya umati uliokaa, akisimulia asili ya koo na mienendo ya watu, na kuwaonya walio hai. Manguliechi, aliyepata sifa kubwa kuliko wengi katika sanaa hiyo, ameacha maneno yaliyorekodiwa ambayo wataalamu wa fasihi simulizi wameyachambua kwa makini. Haidaiwi hapa kwamba wafasiri wa magari ya sinema walikuwa waswala kumuse. Linalodaiwa ni dogo zaidi: kwamba umati ulikuwa umekwisha kuzoea kumpima mtu kwa namna anavyosema uwanjani, na mfasiri alipimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Basi ilipofika zamu ya kufundisha, ni nani aliyeitwa? Mwaka 1949 Idara ya Sinema ya Makoloni iliendesha mafunzo Accra, na wanafunzi sita wa kwanza wote walitoka Gold Coast na Nigeria. Nchini Kenya shule iliyokuja kuwa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ilianza mwaka 1961 kwa kufunza mafundi wa utangazaji. Mafunzo ya sinema yaliongezwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Wakfu wa Friedrich Ebert wa Ujerumani ya Magharibi. Hapo walipita watu walioipa Kenya sinema yake, miongoni mwao Anne Mungai, mwongozaji wa *Saikati* ya mwaka 1992, na Albert Wandago. Kwa kijana wa Kitale, kusoma fani hiyo kulikuwa na maana ya kupanda gari kwenda Nairobi, na kusoma kwa Kiingereza. Si kwamba Kiswahili kilipuuzwa kila mahali, kwani Sauti ya Kenya ilikuwa na idhaa nzima ya Kiswahili. Lakini katika sinema mpiga picha alipata somo lake, fundi wa sauti akapata lake, na mhariri lake, mfasiri hakupata.

Alama ya jambo hilo yaonekana hata katika majina. Mwaka 2003 Wandago alitoa picha iitwayo *Naliaka Is Going*. Naliaka ni jina la Kibukusu, la msichana aliyezaliwa wakati wa palizi. Yaliyosalia katika jina la picha ni Kiingereza. Msichana na safari yake wamekutana katika sentensi moja ambayo mama yake kijijini huenda asiimalize.

Wakati huo huo mfasiri alikuwa amerudi kwa njia ya uani. Huko Uganda, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vibanda vya video vilipata wasemaji wa kueleza picha za kigeni kwa Luganda. Dar es Salaam ikampata Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro, anayezisimulia picha za mapigano kwa Kiswahili na Sheng. Hakuna chuo kilichowafundisha. Katika vibanda neno *stelingi* lilienea kwa maana ya mhusika mkuu asiyekufa, likitokana na Kiingereza kiandikwacho mwanzoni mwa picha kumtangaza mchezaji. Na mpinzani wake akawa *adui* tu, neno la zamani lililopewa kazi mpya. Wahadhiri wameunda mwongozaji, mhusika na mandhari, istilahi nzuri zote, bila kwenda kusikiliza kibandani.

Tangu mwaka 2015 Bungoma ina chuo kikuu kamili, Kibabii, na Kitale ina taasisi yake ya ufundi yenye hadhi ya taifa. Safari ya Nairobi si lazima tena kwa kila mwenye kutaka elimu ya juu. Ng'ambo ya mto Lwakhakha, upande wa Uganda, husemwa Lumasaaba, kinachosikilizana na Lubukusu kiasi kwamba msimulizi mmoja wa picha aweza kueleweka kingo zote mbili. Mtaala utakaomfundisha kazi hiyo haujaandikwa, na wenye ujuzi wa kuuandika wamo katika idara za lugha kuliko katika idara za kamera.