Mshipa Unaoota Tena

Agosti iliyopita baba mdogo alinipigia simu kutoka Mkwaja. Alitaka kuuza shamba la minazi aende India "kuchomwa mshipa" wa kiuno, kwani wakala alimhakikishia maumivu yataisha kabisa. "Wewe si msomi wa historia? Hebu nisomee hili kabla sijatia sahihi."

Kiuno hicho nakijua. Ujanani alikuwa kibarua wa ranchi ya Mkwaja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 ili wafanyakazi wa mashamba ya mkonge wapate nyama. Leo ardhi yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ranchi ilipofungwa akaingia baharini. Miaka yote hiyo ni kuinama tu: kuswaga ng'ombe kwenye josho, kuvuta nyavu. Bibi alimuumika kwa chuku na kumkanda kwa mafuta ya nazi, bila mafanikio ya kudumu.

Tatizo ni hilo neno mshipa. Kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, hata ngiri ni mshipa. Baba mdogo aliamini watachoma kitu kibovu. Kumbe neva inayochomwa ni nzima. Kazi yake ni kupeleka habari za maumivu kutoka kwenye vifundo vidogo vya uti wa mgongo. Anayenyamazishwa ni mjumbe.

Mwaka 1971 Skyrme Rees, daktari wa Australia, alitangaza kwamba amezikata neva hizo kwa kisu na kufaulu kwa asilimia 99.8 ya wagonjwa 1,000. (Asilimia za namna hiyo nimezizoea kwenye chaguzi.) Baadaye Mmarekani Norman Shealy akaacha kisu, akatumia sindano yenye joto la mawimbi ya redio. Kisha Nikolai Bogduk na Donlin Long wakachunguza maiti, wakaonyesha kwamba kisu cha Rees hakikuwa kikizifikia neva, na kwamba hata sindano ilikuwa ikielekezwa pasipo.

Mwaka 2000 Paul Dreyfuss na wenzake waliwachuja wagonjwa kwa sindano za ganzi za majaribio, wakabaki 15. Baada ya mwaka, tisa walikuwa wamepata nafuu ya asilimia 90. Lakini mwaka 2017 Waholanzi walipowafuatilia wagonjwa 681, kuchoma neva pamoja na mazoezi hakukuleta tofauti ya maana kuliko mazoezi peke yake. Wakosoaji wakasema uchujaji ulikuwa legevu. Ubishi haujaisha, ila pande zote zinajua kwamba neva huota tena, na maumivu huweza kurudi nayo.

"Kwa hiyo mwakani niuze shamba lipi?" aliuliza.

Nikamuuliza kama alidungwa ganzi ya majaribio. Hakudungwa. Wakala hata kumpapasa hakumpapasa.

Shamba halijauzwa. Kiuno nacho hakijapona, na siku nyingine najiuliza kama nilimsaidia au nilimnyima tu mwaka mmoja wa usingizi. Juzi amenipigia akiwa amelala kifudifudi barazani. Anataka nimuulizie, huku Dar, ni wapi wanaanza na ile sindano ya majaribio.