Seva ya printa

Seva ya printa ni kompyuta, au kifaa kidogo maalumu, inayopokea nyaraka kutoka kwa watumiaji wengi wa mtandao mmoja, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa kwa zamu. Ofisi yenye kompyuta ishirini haihitaji printa ishirini. Mbili tatu nzuri zinatosha, alimradi yupo wa kusimamia foleni.

Katika mifumo ya Unix kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na itifaki ya LPD, iliyotoka Berkeley na kuandikiwa maelezo rasmi mwaka 1990. Iliweza kupeleka faili na kuonyesha foleni, lakini haikujua mengi kuhusu printa yenyewe: ina trei ngapi, inachapa pande zote mbili au upande mmoja. Michael Sweet alianza kuandika programu ya CUPS mwaka 1997, akaijenga juu ya itifaki mpya ya IPP, na ikatoka 1999. Apple iliiingiza katika Mac OS X 10.2 mwaka 2002. Kwenye Linux, hiyo ndiyo inayokutwa karibu kila mahali.

Kuisimika hakuhitaji mashine yenye nguvu. Kwa ofisi ndogo, kompyuta ya zamani yatosha. Jambo la kwanza, kabla ya programu yoyote, ni anwani. Printa nyingi hupewa anwani ya IP na ruta, na ruta ikizimwa na kuwashwa huenda ikatoa nyingine, seva ikabaki inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Basi anwani ya printa na ya seva zifungwe kwenye ruta zisibadilike. Kisha CUPS husimikwa, na msimamizi huingia kwa kivinjari kupitia poti 631, akaongeza printa, akaruhusu wengine waitumie na kuchapa ukurasa wa majaribio. Jina la printa halikubali nafasi kati ya maneno. Uhasibu_Ghorofa2 ni jina zuri, kwa sababu mtumiaji anataka kujua aende wapi kuchukua karatasi yake; aina ya mashine haimsaidii.

Thamani ya seva huonekana foleni inapoganda. Mhasibu ametuma kurasa 40 za A3 na trei ina A4 tupu. Taa ya printa inamweka, mashine inangoja. Nyuma yake kuna barua ya ukurasa mmoja, na mgeni anaisubiri mapokezi. Mwenye barua haoni kitu, anabofya tena, kisha tena. Bila seva, kila kompyuta ina foleni yake na hakuna anayeona ya mwenzake. Karatasi ikibadilishwa, barua inatoka nakala tatu. Kwenye seva msimamizi anaziona zote mahali pamoja: anafuta nakala mbili, anaihamishia barua printa ya jirani, na mgeni anaondoka. Umeme ukikatika, kazi zilizokwisha kufika zimehifadhiwa diskini, hivyo seva ikiwaka inaziendeleza. CUPS pia huweza kuunganisha printa kadhaa chini ya jina moja, kazi ikaenda kwa iliyo wazi.

Seva hii isifunguliwe kwa intaneti hata kidogo. Mwaka 2021 kasoro ya PrintNightmare ilifungua mlango kwa wavamizi kupitia huduma ya uchapishaji ya Windows, na Septemba 2024 zikatangazwa kasoro nzito katika programu zinazoandamana na CUPS. Masasisho yafuatwe, na huduma ibaki ndani ya mtandao wa ofisi.

Linalosahaulika zaidi ni nyaraka zenyewe. CUPS, isipoelekezwa vingine, huweka faili iliyochapwa kwa siku nzima baada ya karatasi kutoka. Orodha ya mishahara iliyochapwa asubuhi bado imo diskini jioni. Ofisi inayochapa mishahara au taarifa za wagonjwa izime tabia hiyo siku ileile ya kusimika: ni mstari mmoja wa PreserveJobFiles katika faili ya cupsd.conf.