Asilimia Kumi ya Haki ya Kusikilizwa: Notisi za GST Zisizoonekana na Nafuu ya Mahakama Kuu ya Madras

Watetezi wa mamlaka za kodi nchini India wana hoja iliyozoeleka hadi haihojiwi tena: kwamba mahakama kuu za nchi hiyo zinawadekeza wafanyabiashara wazembe. Notisi ilikuwa kwenye tovuti ya kodi, mhusika ana nywila yake, hakufungua. Muda wa rufaa ukampita, na sasa anakimbilia mahakamani akilalamika kwamba hakusikilizwa. Makala haya yanadai kinyume. Nafuu anayopewa ni pungufu ya anachostahili, na imesimama juu ya swali ambalo mahakama inalikwepa.

Kuhusu mfumo wenyewe hakuna ubishi mkubwa. Kodi ya Bidhaa na Huduma (GST) ilianza kutozwa tarehe 1 Julai 2017. Kifungu cha 169 cha sheria yake kinaruhusu notisi ifikishwe kwa mkono, kwa posta ya rejista, kwa baruapepe, kwa kuwekwa kwenye tovuti ya pamoja, kwa tangazo gazetini au, njia hizo zikishindikana, kwa kubandikwa. Kifungu cha 107 kinampa mlipakodi miezi mitatu ya kukata rufaa, na mwezi mmoja zaidi akiwa na sababu za kutosha. Baada ya hapo mlango umefungwa. Msomaji aliyezoea sheria ya Kenya ya Taratibu za Kodi ya 2015, ambayo pingamizi lililochelewa laweza kupokelewa kwa sababu ya safari, ugonjwa au sababu nyingine ya msingi, ataona mara moja kwa nini Wahindi hukimbilia Mahakama Kuu: hawana pengine pa kwenda. Nako huko Mahakama ya Juu ilikwishawawekea kigingi mwaka 2020. Katika shauri la Glaxo Smith Kline, lililohusu VAT ya Andhra Pradesh, ilisema mamlaka ya kikatiba ya Mahakama Kuu hayapaswi kutumika kumwokoa aliyeacha muda wa rufaa umalizike. Mahakama Kuu ya Calcutta imejaribu kulegeza ukomo huo katika S.K. Chakraborty (2023), ile ya Allahabad ikakataa. Mzozo huo nauacha.

Kinachonihusu ni amri za Madras, hasa za mwaka 2024, ambazo zinafanana kiasi kwamba ukisoma moja umezisoma nyingi. Mwombaji anaeleza kuwa notisi ya kumtaka ajieleze, pamoja na amri ya kodi, vilipakiwa kwenye sehemu ya tovuti iitwayo “Notisi na Amri za Ziada”, tofauti na ile ya “Notisi na Amri” aliyozoea kuifungua. Mambo ya kodi alimwachia mhasibu wa nje. Alishtuka benki ilipomwambia akaunti yake imezuiwa. Wakili wa serikali anajibu kwamba alikumbushwa na kuitwa kusikilizwa; lakini miito yenyewe ilipita kwenye tovuti ileile. Mahakama inaona kuwa kodi ilithibitishwa kwa sababu tu mlipakodi hakujibu. Kwa hiyo amri inatenguliwa, kwa sharti kwamba alipe asilimia 10 ya kodi inayobishaniwa, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Ajibu notisi, afisa amsikilize na kutoa amri mpya, na zuio la benki liondolewe.

Tafuta katika kurasa hizo sentensi inayosema kama notisi ilimfikia au haikumfikia. Mara nyingi haipo, na si bahati mbaya. Kama haikumfikia, amri ilikuwa batili tangu mwanzo na hakuna msingi wa kumdai amana. Kama ilimfikia, muda umepita na Glaxo inamfungia njia. Asilimia 10 inaiwezesha mahakama kupita katikati bila kugusa upande wowote. Kiwango chenyewe kinajieleza: ndicho kile kile ambacho kifungu cha 107 kinamtaka mkata rufaa aweke. Kwa maneno mengine, Madras imeunda rufaa isiyo na ukomo, palepale ambapo Mahakama ya Juu ilisema isiwepo.

Itasemwa kwamba amana inalinda mapato ya serikali. Inayalinda dhidi ya nini? Shauri likirudishwa na mahakama, kifungu cha 75 kinampa afisa miaka miwili ya kutoa amri mpya, na riba ya asilimia 18 kwa mwaka inaendelea kuhesabiwa kwenye kodi itakayothibitika. Itasemwa pia kwamba waombaji wengi hukubali sharti hilo wenyewe kupitia mawakili wao. Mtu ambaye akaunti yake imezuiwa na mishahara inamsubiri atakubali mengi. Hoja kwamba mzembe wa kweli atanufaika ni nzito zaidi, lakini huwezi kumjua mzembe bila kuchunguza notisi ilifikaje, na uchunguzi huo ndio amri hizi zinauruka.

Kuchunguza si kazi ngumu. Kifungu cha 169(2) kinasema notisi huhesabiwa imefika siku ilipokabidhiwa, ilipochapishwa au ilipobandikwa; kuwekwa kwenye tovuti hakutajwi. Mahakama Kuu ya Delhi, katika mashauri kama Neelgiri Machinery (2025), huangalia kama notisi ilitolewa kabla ya tarehe 16 Januari 2024, ambapo sehemu ile ya ziada ilirekebishwa ionekane, kisha hurudisha shauri bila kudai amana. Tarehe hiyo nayo inabebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, kwani menyu iliyonyooshwa haimfikii mwenye duka ambaye baruapepe na simu vilivyosajiliwa ni vya mshauri wake wa kodi. Angalau Delhi inauliza.

Madras yenyewe imeanza kujisogeza. Mwaka 2025 imewaambia maafisa kwamba wasipopata jibu kupitia tovuti wajaribu njia nyingine za kifungu cha 169, hasa posta ya rejista. Lakini katika baadhi ya amri za karibuni amana imepanda hadi asilimia 25, yaani bei inapanda huku kosa la mamlaka likikubaliwa waziwazi. Ikiwa afisa alikuwa na wajibu wa kutuma barua alipokutana na ukimya, basi wajibu huo ulikuwapo mwaka 2024 pia. Na wale walioweka asilimia 10 bila kutumiwa barua yoyote walitozwa kwa kosa lisilo lao. Wanastahili kurudishiwa fedha hizo sasa, kabla hata ya mashauri yao kuamuliwa upya.