Mashine mbili zilizojaa vumbi Muyinga



Leo tunaleta historia ya tofali. Msicheke kwanza. Sisi tunaokaa hapa Kinama, Gasorwe, tunalijua tofali vizuri. Kila msimu wa mvua ukuta unalainika, tunakanda tope tena, tunapiga tena, juu tunafunika shitingi. Na kila rashoni ikipunguzwa, neno ni lile lile: jitegemeeni. Sawa, tunakubali. Ila tunauliza: tujitegemee kwa kutumia nini?

Jibu moja liko karibu, mjini Muyinga penyewe. Kuna maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa ajili ya ODEDIM, shirika la hapa hapa, iwe sehemu ya kwanza ya shule ya watoto wasiosikia. Waliochora ni BC Architects wa Brussels, Ubelgiji. Kabla ya kuchora walienda kuangalia jinsi Warundi wanavyojenga, ndiyo maana ina baraza refu kama nyumba za huku. Miti ya paa ni mikaratusi, vigae ni vya udongo wa hapa. Ukuta una matundu ya kupitisha upepo, na dari liko juu sana, basi joto linapanda na kutoka lenyewe. Feni haihitajiki.

Kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa kabisa. Huku tumezoea tofali la kuchoma, na tofali la kuchoma linakula kuni. Sote tunajua mama zetu na dada zetu wanatembea umbali gani kutafuta kuni.

Sasa sikieni hii. Mashine za kushindilia hazikutoka Ulaya na ule mradi. Walizikuta mbili ziko stoo, zimejaa vumbi. Wakazifufua, zikaanza kutoa matofali ya sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Yaani mashine zilikuwepo, na udongo ulikuwepo tangu enzi za babu. Kilichokosekana ni watu wa kuzitumia.

Mashine za namna hiyo zina babu yao. Mwaka 1956, mjini Bogotá, Kolombia, mhandisi Raúl Ramírez alitengeneza kisanduku cha chuma chenye mkono mrefu. Unajaza udongo, unafunga, unavuta mkono kwa nguvu, tofali linatoka. Hakitaki umeme wala mafuta. Kiliitwa CINVA-Ram, kikaenea nchi nyingi maskini, kwa sababu fundi wa vyuma akikiona anakielewa.

Miaka mingi baadaye, huko Missouri, Marekani, Marcin Jakubowski, msomi wa fizikia, aliamua kuwa mkulima. Trekta lake likaharibika, akalipa litengenezwe, likaharibika tena. Akaamua kujitengenezea mashine zake na kuweka michoro yote wazi, kila mtu aichukue bure, aibadilishe, aigawe. Kazi hiyo inaitwa Open Source Ecology, na ilianza mwaka 2003. Lengo ni mashine 50 za kuwezesha kijiji kulima, kujenga na kupata umeme wake chenyewe. Moja ya zile za kwanza ilikuwa ya nini? Ya kushindilia tofali! Yao inataka injini na chuma kingi, kwetu ni ghali. Lakini wazo lenyewe halina bei: anayetumia mashine awe na mchoro wake.

Sisi hilo tumelijifunza kwa uchungu. Mradi mmoja ulituletea pampu ya maji ya sola kwa ajili ya bustani ya vijana. Tulipanda lengalenga na vitunguu. Siku pampu ilipozima, tulikuta boksi lake limefungwa kwa skrubu ambazo hakuna bisibisi ya kambini inayoziweza. Mchoro hatukuachiwa. Namba ya fundi haikupatikana. Vitunguu vilikauka tukiviangalia.

Lakini tusidanganyane, teknolojia peke yake haitoshi. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa ardhi ya kulima Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walifyeka pori, wakalima, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe. Baadaye zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Wale walipata ardhi kwanza. Sisi tuna vipande vidogo kando ya nyumba. Kwa hiyo wandugu wa mashirika, mkituambia tujitegemee, tusaidieni pia kuongea habari ya mashamba, hata ya kukodi.

Wakati tunangoja, kuna la kufanya. Ndani ya ile maktaba kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambao watoto wanalala wakisoma. Aliyeusuka ni mzee mmoja, kati ya wanne tu waliobaki na ujuzi huo eneo la Muyinga. Alipokuwa anausuka alifundisha wafanyakazi wengine wanne. Kwa sisi, hilo linazidi hata ukuta. Wazee wakiondoka na ujuzi wao, na wao ni stoo yenye vumbi.

Basi Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtu aje na chupa ya plastiki isiyo na rangi. Tutatia udongo kiasi cha theluthi, tujaze maji, tutikise, tuiache hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi utakaa juu, hapo tutajua udongo wa upande gani unafaa kwa tofali. Kila atakachogundua mtu tutakiandika hapa, wazi, hata kikishindikana.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee au mama anayejua kusokota kamba, mwombeni kwa heshima aje naye. Kiti tutamtafutia.