Ruhusa ya Kufundisha Mtoto Kando ya Ziwa Mweru

Huku Chienge, mkoa wa Luapula, Zambia, mwaka wa shule na mwaka wa ziwa havipatani. Shule hufunguliwa Januari, wakati uvuvi umefungwa tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari na familia nyingi zimerudi vijijini. Watoto wanaandikishwa, wanapewa madaftari. Ikifika Machi ziwa linafunguliwa: baba anabeba nyavu, mama anabeba sufuria na mikeka ya kuanikia chisense, samaki wadogo wa ziwani, na mtoto wa darasa la pili anapanda mtumbwi pamoja nao kwenda kambini. Kwenye rejista ya shule anaandikwa mtoro. Kambini, akimpata mtu wa kumfundisha, bado anasoma.

Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilizaliwa Pweto, ng'ambo ya mpaka, nikasomea ualimu kwa Kifaransa. Leo ninafundisha chini ya paa la nyasi, watoto wakikaa juu ya magunia. Kila mzazi mpya ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, inaruhusiwa?" Swali hilo lina umri mkubwa kuliko shule yoyote ya hapa.

Zamani ruhusa ilikuwa ya wazee. Wavulana walifunzwa kwenye nsaka, kibanda cha wanaume kilichokuwa wazi pande zote, na wasichana walifundwa na nachimbusa, kungwi wao, wakati wa chisungu, yaani unyago. Elimu hiyo ilikuwa na mtaala wake, walimu wake, na hata vielelezo vyake: mbusa, vinyago vya udongo ambavyo kila kimoja kina wimbo na fundisho lake. Aliyetaka kufundisha bila idhini ya wakubwa asingepata wa kumfundisha.

Kisha wakaja wafanyabiashara wa pwani. David Livingstone alipofika kwa mfalme Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867 alimkuta huko mmoja wao, Muhammad bin Salih, aliyekuwa amezuiliwa kwa miaka mingi. Upande wetu wa kaskazini-mashariki wa ziwa alikaa baadaye Abdullah ibn Suliman. Kiswahili kilikuwa kimefika Mweru kabla ya Kiingereza, nami hulikumbuka hilo kila ninapoambiwa kwamba ni lugha ya wakimbizi.

Waingereza waliweka kituo hapa Chienge mwaka 1891, wakakihamishia baadaye Kalungwishi. Mwaka 1900 London Missionary Society ilifungua misheni Mbereshi, na mwaka 1915 akafika Mabel Shaw kuanzisha shule ya bweni ya wasichana. Nimesoma habari zake nikakubaliana naye kwa jambo moja na kumkatalia jingine. Alitambua kwamba msichana wa Luapula hasomi vizuri akiondolewa kwenye nyumba, basi shule yake akaipanga kama kijiji, msichana mkubwa akiwa mama wa wadogo katika kila nyumba. Ila aliona yeye ndiye wa kuamua kipi cha nyumbani kibaki na kipi kisafishwe.

Mwaka 1918 ndipo sheria ilipoingia. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ilitawaliwa na kampuni ya British South Africa, ambayo haikutumia karibu fedha yoyote kwa shule za Waafrika isipokuwa ile ya Barotse iliyofunguliwa mwaka 1907. Shule zote nyingine zilikuwa za misheni, na za vijijini ziliendeshwa na vijana wenye Injili moja mkononi na ubao wa kuandikia. Hata hivyo kampuni hiyo ilitoa tangazo la kudhibiti shule za wenyeji: shule zijulikane kwa serikali, walimu wathibitishwe, na ofisa apewe uwezo wa kukagua. Sababu haikuwa ubora wa masomo. Miaka mitatu nyuma John Chilembwe, mchungaji mwenye shule zake mwenyewe, alikuwa ameongoza uasi Nyasaland, na watawala wakaanza kuogopa darasa lolote lisilo na Mzungu wa kulisimamia. Wamisionari wenyewe walilalamika, na masharti yakarekebishwa mwaka 1921. Idara ndogo ya elimu ya Waafrika iliundwa mwaka 1925, baada ya kampuni kuondoka. Yaani ukaguzi ulifika kwanza. Fedha zilikuja nyuma yake, polepole. Ninaamini kwa dhati kwamba hofu anayokuja nayo mzazi wa kambini kwangu ilianzia hapo.

Uhuru ulileta Sheria ya Elimu ya 1966 na shule nyingi za serikali, na kwa muda watu walipumua. Miaka ya tisini ikawarudisha nyuma: karo, mayatima wa UKIMWI, walimu kupungua. Mwaka 1992, mtaa wa Misisi jijini Lusaka, wakazi walifungua shule yao kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi. Shule za namna hiyo zikaenea nchi nzima. Mwaka 2000 redio ya taifa ikaanza kipindi cha Taonga Market: somo la nusu saa, redio ya kuzungushwa kwa mkono kwa mahali pasipo na umeme, na mtu mzima mmoja anayejua kusoma wa kuwaongoza watoto. Kwa sisi tunaofundisha uani, wazo hilo lilikuwa heshima kubwa. Serikali yenyewe ilikubali kwamba darasa linaweza kuwa mwembe, redio na mama wa jirani.

Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2002, na ada za sekondari zikaondolewa mwaka 2022. Katikati ya miaka hiyo ndipo penye jibu la wazazi wanaoniuliza. Mwaka 2007 wizara ilitoa mwongozo wa kuendesha shule za jumuiya, na Sheria ya Elimu namba 23 ya 2011 ikazitaja pamoja na za serikali, za binafsi na zinazopewa ruzuku. Sheria hiyo hiyo ilimwekea mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto aliyefikia umri wa shule na kuona kwamba anahudhuria. 

Basi ninawajibu hivi: kukaa na mtoto nyumbani ukidhani inatosha kwa kuwa anajua kusoma, hapana. Jina lake lazima liwe mahali. Tuundeni kamati ya wazazi, tuandike mihutasari, tufungue rejista yenye jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi, kambi na tarehe ya kuhama. Tupeleke faili bomani, ofisi ya DEBS, katibu wa bodi ya elimu ya wilaya, na tukubaliane na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, maana mtihani wa taifa hufanyika kwenye kituo kinachotambuliwa na Baraza la Mitihani.

Tangu Agosti 2017 kazi imeongezeka. Wakongo waliokimbia vita walivukia hapa Chienge, wakapelekwa kituo cha muda cha Kenani, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge. Watoto walioanza kwa Kiswahili na Kifaransa waliingia katika mtaala wa Zambia, Kibemba katika madarasa ya chini, Kiingereza juu. Nimeona mtoto mwerevu wa darasa la tano akirudishwa la kwanza kwa sababu hakuweza kumjibu mwalimu "Eya mukwai". Nilimfundisha Kibemba jioni, nyumbani, akapanda tena.

Ninachokidai ofisi za wilaya ni kidogo na hakihitaji jengo. Rejista ya kambi ikubaliwe kama barua ya uhamisho. Mtoto anapotoka shuleni mwezi wa tatu, jina lake lisifutwe, liandikwe mbele yake kambi aliyokwenda na nani anamfundisha huko. Akirudi Desemba apimwe kwa kile anachokijua, aketi darasa linalomfaa.