Mng'ao wa Rangi ya Kiwandani

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, magari mengi yalipakwa rangi za mafuta na vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kazi ilichukua wiki kadhaa. Magari ya Oakland ya mwaka 1924, ya kampuni ya General Motors, yalitoka na rangi ya buluu ya Duco. DuPont waliitengeneza kwa nitroselulosi, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki. Ilipulizwa, ikakauka kwa saa chache tu.

Rangi hiyo haina tabaka angavu la kuikinga. Jua na hewa huila usoni, ikapauka na kuacha unga kidoleni ukiigusa. Chini ya unga huo, mara nyingi rangi bado ni nzima. Fundi mwangalifu anayerudisha mng'ao wa gari kama hilo huliosha, hupaka mafuta mepesi na kuyaacha usiku kucha yaingie kwenye rangi iliyokakamaa, kisha husugua kwa mkono na polishi isiyo kali. Kitambaa hugeuka buluu: ni rangi yenyewe inayotoka, kwa hiyo hakuna kusugua ovyo. Kwenye kingo za boneti na madigadi rangi ni nyembamba mno. Hapo hupitisha kitambaa mara chache sana, au hagusi kabisa. Thina ni marufuku, kwani huyeyusha nitroselulosi hata baada ya miongo mingi. Mwisho hupaka nta.

Nyufa ndogo zilizotanda kama utando wa buibui huachwa, na ni haki ziachwe. Rangi mpya ingeng'aa zaidi, lakini ingefuta kazi ya mikono ya kiwandani.