Unyong'onyevu, Si Uchovu

Imenifikia hapa Songea orodha ya istilahi za tiba ya saratani kwa watoto, kazi ya kamati ambayo kwa adabu sitaitaja. Humo nimekuta "uchovu uhusianao na saratani". Uhusianao! Sijapata kumsikia mzazi, wa Pwani wala wa bara, akilalamika kwamba mwanawe ana kitu kihusianacho na kingine.

Ubaya wa "uhusianao" hata hivyo unasameheka. Usiosameheka ni "uchovu". Hali inayosemwa wasomaji wangu wanaijua: mtoto yuko kwenye kemotherapia, amelala usiku kucha, asubuhi ameamka vilevile, mpira anauona na hautaki. Damu imepungua, dawa zimemwelemea, usingizi wenyewe wa wodini ni wa kukatizwakatizwa. Pamela Hinds na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 2007 kwamba hata deksamethasoni, wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, huwavuruga usingizi na kuwazidishia hali hii. Uchovu wa Kiswahili hauko hivyo. Uchovu una chanzo unachokijua na dawa unayoijua. Aliyeshinda akipalilia mahindi Namtumbo amechoka. Akilala, kesho yuko shambani tena.

Tulitazame neno lenyewe. Tukuka limezaa tukufu, nyooka limezaa nyoofu, ongoka limezaa ongofu. Kwa kanuni hiyo choka lilipaswa kuzaa chofu, na uchofu wapo wanaouandika mpaka leo. Uchovu umeshinda kwa mazoea, nami sina ugomvi na mazoea. Ila mazoea hayo hayo yameufikisha mtaani, ambako mchovu ni mtu aliyefulia, na "amechoka mbaya" ni habari ya mfuko mtupu. Hilo ndilo neno tunalompelekea mtoto mgonjwa kitandani.

Sasa nyong'onyea. Legea hutupa ulegevu, potea upotevu, sikia usikivu. Nyong'onyea hutupa unyong'onyevu, bila konsonanti kumezwa wala kugeuzwa. Ni kitenzi cha hali. Homa humnyong'onyesha mtu, njaa humnyong'onyesha, huzuni pia, na si lazima awe ameshika jembe. Mwili na moyo vimo humo kwa pamoja, jambo ambalo madaktari huhitaji sentensi nzima kulieleza. Wanaotaka kuliunga na "mnyonge" kwa sababu ya kufanana sauti wana haraka. Mnyonge ni mtu wa kuonewa, na hapa hakuna aliyeonea.

Mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam, bingwa wa kufukua maneno, anatetea "mavune". Neno zuri, ila mavune ni maumivu ya viungo baada ya kazi ngumu. Atuambie mtoto wa miaka sita amebeba magunia mangapi. Mwingine anataka "ulegevu", amesahau kwamba skrubu nayo hulegea na kwamba mlegevu kwa mwalimu wa shule ni mvivu. Akina mama wenyewe humwambia nesi, "Sista, mtoto amepoa tu." Usemi huo naupenda kuliko hoja za mabingwa wote wawili, lakini kupoa hakuzai nomino ya maana. Upoaji? Tuwaachie wapishi.

Nimejibiwa kwamba unyong'onyevu ni mgumu kutamka. Mtoto huyo huyo anasema ng'ombe tangu hajaota meno yote.

Kuhusu vipimo vya hali hii, kwa ufupi. Kinachojulikana zaidi ni kile cha PedsQL, alichokieleza James Varni na wenzake mwaka 2002: maswali 18 katika mafungu matatu ya sita sita, yaani hali ya jumla, usingizi na mapumziko, na akili. Mtoto wa miaka mitano hadi saba husomewa maswali na kuonyeshwa nyuso tatu achague. Alama hupangwa kuanzia 0 hadi 100, na za juu ndizo afadhali; kwa hiyo karatasi iliyoandikwa juu yake "Kipimo cha Uchovu: 90" humtia mzazi hofu bure, na hilo la kuandika mwelekeo wa alama kamati ililipita bila kuligusa. Fungu la tatu kamati imeliita "uchovu wa akili". Mwambie mama aliyesafiri na mwanawe kutoka Songea hadi Muhimbili kwamba mtoto amechoka akili, uone atakavyokutazama. Andikeni "kunyong'onyea kwa fikra", na mtoto mwenyewe mwulizeni kwa kitenzi: unanyong'onyea ukisoma? Unasahau upesi?

Pendekezo hili niliiandikia kamati. Nilijibiwa kwamba limepokelewa na "litashughulikiwa kwa kadiri lihusianavyo na mchakato".